Toa, Acha: Kamera Yangu Upande wa Wanawake

Studio nimeifunga baada ya Idi iliyopita. Daktari wa macho aliniambia jicho la kulia limechoka, nikamjibu kwamba ni haki yake, maana ndilo lililofanya kazi. La kushoto maisha yake yote lilikuwa limefumbwa.

Kabla sijatoa meza, alikuja mwanafunzi wa chuo cha uandishi wa habari, binti mwenye adabu na maswali mengi. Alikuwa anaandika kazi yake ya mwisho kuhusu vyombo vya habari, teknolojia na mitindo ya filamu, akataka kujua mtindo wangu ni upi. Nikamwambia sina mtindo, nina masharti. Hakuridhika. Akaomba nimwonyeshe picha ninayojivunia kuliko zote. Nikamwambia picha hiyo nusu yake ni nyeusi, na siwezi kumwonyesha yeye wala mtu mwingine. Akaandika, akapigia mstari, akaaga. Baadaye nilimwonea huruma. Basi haya namwandikia yeye na mabinti wengine wanaoshika kamera kwenye shughuli za Mwanza. Habari za malipo nimeziacha, wateja wangu wengine bado wako hai.

Nilianzia kwa Mama Koku, Mhaya, Mlutheri wa Bukoba aliyehamia Mwanza na mumewe. Alikuwa na duka la picha za pasipoti nyuma ya soko. Mimi nilikaa kaunta, nakata picha na kuzitia kwenye bahasha. Mumewe alimletea kamera ya video, ile kubwa ya begani inayomeza mkanda mzima wa deki, naye akaanza kurekodi kwaya na ubarikio wa vijana kanisani. Siku moja ikaja familia ya Kiislamu kutoka Mabatini, wanataka video ya shughuli ya kina mama, siku ya hina. Sharti lao lilikuwa moja tu: mpiga picha awe mwanamke, na mkanda huo mwanamume asiutie machoni, si siku hiyo wala baadaye. Mpiga picha wa Mama Koku alikuwa na ndevu. Yeye mwenyewe goti lilikuwa linamsumbua. Akanigeukia.

"Salma, hawa si watu wa kwenu?"

Kwetu ni mchanganyiko, babu Mmanyema, bibi Mnyamwezi, na mwingine anayesemekana alikuwa Mwarabu ingawa hakuna aliyemwona. Nikasema ndiyo, ni wa kwetu.

"Basi acha mkasi, njoo nikuonyeshe pa kubonyeza."

Siku yangu ya kwanza ilikuwa hivi. Uani kumezungushiwa maturubai, dufu linapigwa, wanawake wamevua mabaibui na mitandio, wanacheza mpaka vumbi linapanda. Nikaiweka kamera begani, nikabonyeza. Taa nyekundu ya mbele ikawaka, na ngoma ikakatika palepale. Wanawake wote wakanyooka, mikono ubavuni, midomo wameibana, wananitazama. Kamera waliyoijua wao ni ile ya kitambulisho. Nikawaambia, "Chezeni jamani, hii ni video!" Bibi mmoja akanijibu bila kufungua meno, "Wewe piga kwanza. Ukimaliza tutacheza."

Nikapiga. Ukiutazama mkanda ule leo, utaona kina mama wa Mabatini wamesimama wima saa nzima, na nyuma yao kuku anatembea. Mama Koku aliutazama mpaka mwisho, uso umekauka. "Ee waitu," akashangaa kwa Kihaya chake, "hata kwaya yangu inatikisika kidogo."

Hakunikaripia. Alichukua kipande cha plasta ya kidonda, akaipaka wino, akaibandika juu ya ile taa nyekundu. Akanipa na masharti, ambayo nimeyafuata mpaka mwaka huu. Ukifika shughulini, kaa ule kwanza. Mtu hawezi kumwogopa aliyemwona anang'ata paja la kuku. Ukishakula, cheza kidogo, hata kama hujui, hasa kama hujui. Kamera iwashe ikiwa mapajani, ndipo uinyanyue. Na mtu akianza kucheka usimkate, mfuate mpaka kicheko kiishe. "Wengine wanacheka kwa zamu," alisema. "Huyu akimaliza, kamera iende kwa aliyemchekesha. Zungusha taratibu, usirukeruke." Nilipokuja kusikia vijana wanazungumzia mtindo wa kupiga bila kukata, nilikuwa nimeshaufanya nusu ya maisha yangu, kwa sababu ya goti la mwanamke wa Kihaya na uvivu wake wa kuhariri.

Kuhariri nako kulikuwa na adabu yake. Kila shughuli ilitoa mikanda miwili. Wa sebuleni ulikuwa wa kila mtu: bwana harusi, mashehe, magari, keki. Wa ndani ulikuwa wa wanawake peke yao. Huu wa ndani sikuuhariri peke yangu hata siku moja. Familia ilimleta mwanamke mzima, tukimwita shahidi, anakaa kiti cha pembeni yangu mbele ya deki mbili, na kazi yake ni maneno mawili: toa, acha. Anamwona wifi yake amelala kwenye mkeka mdomo wazi: acha, tena rudia. Anamwona shangazi amevaa kitenge alichoazima kwa jirani: toa, jirani asije akakitaka. Kuna mama alijitoa mwenyewe kwenye harusi nzima ya mpwa wake kwa sababu ya kisigino kilichopasuka. Mkanda ukiisha anaukabidhi kwa bibi harusi, na studioni hakibaki kitu. Nilikuwa nafuta mpaka kivuli.

Halafu dunia ikageuka. Mikanda mikubwa ikaondoka, ikaja midogo, ikaja kompyuta, mwisho zikaja simu. Mama Koku alirudi kwao Kagera, akaniachia duka na goti lake, maana na mimi sasa linaniuma. Kompyuta niliipenda. Simu hapana. Kamera moja ukiwa nayo wewe, wanawake wanajua wamwogope nani. Simu zikiwa mikononi mwa watu wote, hakuna wa kumwogopa, na ndipo balaa linapoingia. Nikaanzisha kapu mlangoni: kila anayeingia anaacha simu humo. Shughuli moja ya Kirumba kapu lilijaa, nikaridhika, nikapiga kazi yangu safi. Kumbe shangazi wa bibi harusi ameiegesha simu yake jikoni, kwenye bakuli la sukari, inaelekea uani, ili dada yake aliyeko Dubai afuatilie moja kwa moja. Dada akafuatilia. Mumewe akafuatilia. Jirani zao pia, naambiwa, walileta viti. Nilipomuuliza shangazi, akaniambia kwa moyo mweupe kabisa, "Lakini sikurekodi."

Sasa niseme habari ya ile picha nyeusi.

Enzi za mikanda mikubwa nilipiga shughuli ya binti mmoja wa Igogo, Zainabu. Mama yake, Mama Hamidu, alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye haya, aliyeogopa picha kuliko sindano. Lakini siku hiyo, nilipokwisha kula na kucheza vibaya, alisahau kabisa kama nipo. Aliingia katikati ya duara akacheza na mpangaji wake, Bi Sauda, mjane aliyekuja kutoka Misungwi akapanga chumba cha uani kwake, wakawa chanda na pete. Bi Sauda ndiye aliyeimba. Alikuwa na sauti nzito yenye mkwaruzo, ukiisikia mara moja huiachi. Wimbo ulikuwa wa kumtania mama mkwe, na kila Bi Sauda alipotupa neno, Mama Hamidu alilijibu kwa bega, halafu anacheka. Nikafanya kama nilivyofundishwa: nikamfuata anayecheka, nikaenda kwa anayechekesha, nikarudi, bila kukata. Mkanda nikamkabidhi Zainabu.

Wanawake wale wawili walikuja kukosana baadaye, na sababu ni ya kipuuzi, kama zilivyo nyingi. Kulikuwa na harusi ya watu wakubwa mjini. Bi Sauda alialikwa akaimbe. Mama Hamidu hakualikwa. Bi Sauda akaenda. Basi. Mwezi haukuisha akahamia Kiseke, na hawakusalimiana tena mpaka Mama Hamidu akafariki.

Hamidu, mtoto wa kwanza, hakuwepo kwa hayo yote. Alikuwa Muscat anaendesha magari. Alikwenda akiwa kijana kabla Bi Sauda hajapanga pale, harusi ya dada yake ikampita, na mama alipokufa tajiri wake akamnyima ruhusa. Mwaka huu ndiyo alirudi, likizo fupi, akaja studioni kwangu. Mwanamume mtu mzima, mvi zimeanza, amekaa kwenye ukingo wa kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu."

"Mama, sina picha ya mama yangu. Ninayo ile ya kadi ya kupigia kura, amekunja uso. Hata tukipigiana simu ya video alikuwa anaelekeza kamera juu. Dari ya nyumba yetu naijua kuliko uso wake. Nasikia kuna mkanda. Zainabu amenikatalia."

Zainabu alikuwa na haki, na mimi nilikuwa upande wake. Hamidu angeweza kumwona mama yake, hilo halina tatizo. Lakini wale wanawake wengine wote, vichwa wazi, jasho linawatoka, wao si mama zake wala dada zake. Walivua mitandio kwa sababu tuliwaahidi. Nilimweleza Hamidu hivyo, akaitikia kwa kichwa, akasema anaelewa, na hakuondoka. Alikaa palepale mpaka nikaona aibu. Nikampigia simu Zainabu, nikamwambia, "Tukawaombe. Mmoja mmoja."

Tulizunguka. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya, na sikushika kamera hata kidogo. Bibi mmoja wa Igogo aliniuliza, "Nilikuwa mnene?" Nikamwambia alikuwa wa kawaida. "Basi aone." Mwingine tulimkuta Misungwi kwenye banda lake la mchele, akasema, "Mtoto anamtafuta mama yake mimi nitamzuia kwa lipi? Kwanza nilikuwa napita tu kwenda jikoni." Mwingine yuko ng'ambo ya ziwa, ukivuka Kigongo, alikubali kwenye simu huku analia. Waliokufa tuliwaomba mabinti zao. Mwisho akabaki Bi Sauda.

Kiseke alitukaribisha kwa adabu kavu. Zainabu akatoa shikamoo, ikaitikiwa, halafu wote wawili wakanitazama mimi.

"Nani mwingine amekubali?" Bi Sauda akauliza.

"Wote."

"Basi wanatosha. Mimi nitoeni."

"Bi Sauda, wewe uko kila mahali. Ukitoka wewe, na yeye anatoka."

"Ningejua ningecheza pembeni," akasema, akasimama kutusindikiza kabla chai haijaja.

Nje Zainabu alinigeukia kwa hasira. "Si nilikwambia? Huyo hata msibani alikaa mlangoni kabisa, kwenye viatu vya watu. Akanyanyuka hata maji hajanywa. Anatuonaje sisi?"

Nikarudi kwenye mashine. Mkanda alioniachia Zainabu ulikuwa umeshika ukungu mweupe pembeni, unyevu wa ziwa hausamehi kitu, na deki nilikwenda kuiazima kwa fundi. Nikasafisha kichwa chake kwa spiriti, nikaomba Mungu, nikaupitisha mara moja tu kuuingiza kwenye kompyuta. Ulipita. Halafu nikaanza kumtafuta Mama Hamidu peke yake. Nilijaribu kumkuza ili Bi Sauda atoke nje ya picha, lakini picha ya mkanda wa zamani ukiikuza, uso unageuka vumbi. Nilijaribu kukata palipo na Bi Sauda, nikabaki na bega la Mama Hamidu na nusu ya kicheko. Siku za Hamidu zilikuwa zinaisha, anapita kila siku kuuliza, na mimi namwambia bado. Niseme kweli, nilianza kujificha jikoni nikisikia hodi yake.

Asubuhi moja hodi ikawa ya mwingine. Bi Sauda, na mwavuli wake, amepanda gari kutoka Kiseke bila kuniambia.

"Kile kiti cha shahidi bado unacho?"

Nikakivuta. Akakaa. Nikamwekea kuanzia mwanzo. Alitazama mpaka wimbo ukaisha. Nikasubiri aseme toa.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Mara ya pili alisogea karibu na kioo. Mama Hamidu alikuwa anamjibu kwa bega, anacheka, macho hayatoki kwa Bi Sauda hata anapozunguka.

"Kumbe alikuwa ananitazama mimi," akasema. "Mimi nikidhani anawatazama watu." Akatoa leso kwenye mkoba, hakuitumia, akaishika tu. "Ile harusi niliyokwenda bila yeye, nilidhani atanuna siku mbili tatu, halafu tutacheka. Nikasubiri aje Kiseke anitukane. Hakuja. Na mimi nikaona kwenda ni kujidhalilisha."

Nikajifanya nafuta vumbi kwenye kibodi.

"Mtoto wa kiume wa watu hawezi kuniona pale kichwa wazi, naruka," akasema mwishowe. "Hilo siwezi. Picha yangu toa."

Nikamwambia sawa. Akachukua mwavuli wake, akafika mlangoni, akasimama akiwa amenipa mgongo.

"Sauti acha."

Wapo watakaosema hata sauti ingefaa kutolewa. Sikumuuliza. Sauti ni yake.

Hapo ndipo nilipojua la kufanya, na ni kazi ambayo mwalimu yeyote wa filamu angeikata kwa kalamu nyekundu. Sikukuza wala sikukata. Nilifunika kwa rangi nyeusi upande aliosimama Bi Sauda, na alipohama upande, nikahamisha weusi pamoja naye. Kamera ilipomwendea yeye peke yake, kioo kizima kikawa cheusi, sauti ikaendelea, halafu Mama Hamidu akarudi. Niliifanya picha kwa picha, na ndiyo iliyomaliza jicho langu. Bi Sauda alirudi kuikagua. Hamidu na Zainabu wakawahi kufika, tukasikia gari lao nje, naye akaingia chumba cha nyuma ninaposwali, akavuta pazia.

Nikawakalisha wale wawili, nikawasha.

Hamidu hakulia. Alikuwa ameegemea mbele, mikono magotini. Mama yake alicheza kwenye nusu ya kioo, mwepesi, anatupa bega, anacheka akiuelekea weusi. Kila kioo kilipofunga, Hamidu alisubiri, na kilipofunguka alishusha pumzi.

"Anamtazama nani?" akauliza.

Zainabu akageuza uso. Nikajibu mimi. "Huyo anayeimba."

"Walikuwa wanapendana."

"Sana," nikasema.

Alitazama mara tatu, ya tatu amefumba macho. Kisha nikafuta kila kitu mbele yao, kama desturi, nikampa yeye nakala moja, akaiweka mfuko wa ndani ya koti. Tukatoka kwenda mlangoni. Bi Sauda alidhani wameshaondoka, akazunguka kwa mlango wa nyuma. Tulimkuta ameinama kizingitini, amejifunika vizuri, anatafuta viatu vyake kati ya viatu vya watu.

Hamidu hakumjua. Alimwona mama mtu mzima, akafanya kama alivyolelewa, akashusha macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

Hamidu akasimama pale, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Sikio lake lilikuwa bado kwenye ile marahaba. Zainabu alifungua kinywa, kaka yake akamzuia kwa mkono.

"Mama," Hamidu akasema, macho bado chini, "ni wewe?"

"Nilikuja msibani kwenu," Bi Sauda akasema, na ile sauti yake ilikuwa inakatika. "Nilikaa mlangoni. Sikujua kama nina ruhusa ya kuingia ndani."

"Basi twende nyumbani," Hamidu akasema. "Leo ukae ndani."

Zainabu ndiye aliyeinama, akavitoa viatu vya Bi Sauda chini ya vya kaka yake, akavigeuza vielekee nje, akamshika mkono avivae.